Jiko Nililoliweka Chini ya Bampa

Mwanangu Saumu, mama yangu,

Nina miaka sabini na mbili kamili, sijapunguza wala sijaongeza. Nimewazika ndugu zangu wanne, na mke mmoja kabla ya mama yako. Nimeuona mkonge wa Korogwe ukivuma na nikauona ukinyauka, na ile karakana ya shamba niliyojifunzia kazi sasa wanafugia kuku. Kompresa tatu za kupulizia rangi zimenifia mkononi. Magari ya bati nene, yale ambayo ukiyapiga ngumi unaumia wewe, nimeyapaka rangi na nimeyaona yakibebwa kwenda kuuzwa vyuma chakavu, na mimi bado nipo. Macho yangu yanaona tundu la sindano. Toka hapa mpaka Segera hakuna fundi wa kunifundisha kuchanganya rangi nyeupe, na nyeupe ni ngumu kuliko zote. Hilo unalijua, usibishe.

Barua hii naiandika mwenyewe. Nimeishia darasa la nne na kalamu kwangu ni nzito kuliko nyundo, lakini sikutaka kumwita mtu aniandikie, kwa sababu yaliyomo siwezi kuyatamka mbele ya mtu anayenitazama mdomo. Wewe umekwenda Kwashemshi kumuaga bibi yako, mpaka urudi itakuwa magharibi. Muda ninao. Nikikosea herufi utasoma hivyo hivyo, umezoea mwandiko wangu wa kwenye makopo ya rangi.

Habari ya basi, ya sweta, ya nani atakupokea Arusha, sisemi. Mama yako ameshayasema hayo mara saba. Mimi nina neno moja tu, na neno lenyewe ni lile bampa jeupe la Hajjat.

Unamkumbuka Hajjat Mwanaisha, mama wa mahindi wa Handeni. Najua unamkumbuka, tangu siku ile ukimsikia sauti unaingia ndani. Alileta gari lake mwaka jana wakati wa vuli, siku ya Jumatano. Bampa la mbele limepasuka upande wa kulia, na rangi imekwanguka kwa sababu aliegesha karibu mno na ukuta wa ghala lake. Akasema mwanawe anaoa Jumamosi, gari ndilo litakalombeba bwana harusi, anataka bampa ling'ae kama sahani mpya. Mimi nikamwambia, "Hajjat, umefika kwa mwenyewe." Nikajipiga kifua. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu na kitambaa mkononi.

Alipoondoka ukaniambia, "Baba, hili ni plastiki."

Nikasema, "Naliona."

Ukasema, "Plastiki haishiki rangi kama bati. Tukwangue mpaka chini, tuioshe kwa sabuni, tuianike kivulini mpaka unyevu utoke wote, halafu tupake praima ya plastiki, ile rangi ya chini ya kushikisha, ndipo tupulizie rangi, nyembamba nyembamba, na kila mkono wa rangi tuungoje. Na hiyo puti ya bati usiitie hapo kwenye ufa, baba, inakunywa maji."

Nikakuuliza hayo umeyatoa wapi. Ukasema kwenye simu, na kwa yule kaka anayeuza rangi Tanga, ulimuuliza siku ile nilipokutuma. Nikacheka sana. Nilicheka kwa nguvu ili Masanja asikie kule kwenye matairi yake. Nikasema, "Masanja! Njoo umsikie mwanao, simu imemfundisha kupaka rangi!"

Masanja unamjua, lakini nataka niandike habari yake vizuri, maana yumo mpaka mwisho wa jambo hili. Ni fundi pancha, jirani yetu, Mnyamwezi ambaye baba yake aliletwa huku kukata mkonge. Mimi Mzigua, yeye Mnyamwezi, basi sisi ni watani. Kofia yangu akiitaka anaivaa na kuondoka nayo, na mimi nikifika msibani kwake nitamtukana marehemu na hakuna atakayenifukuza. Miaka thelathini tumeishi hivyo. Siku ile akaja, akakusikiliza, akanigeukia na kusema, "Mzigua, huyu mtoto ana akili za kwa mama yake Usambara. Mshukuru Mungu, zingekuwa zako angekuwa anauza njugu stendi." Nilimrushia kopo. Tulicheka wote, na wewe ulicheka. Lakini mwanangu, mimi lile neno liliniingia. Mtu akinisifia rangi yangu naongeza urefu, na akimsifia mwingine mbele yangu nakosa usingizi. Nimezaliwa hivyo, na kwa miaka yote nimekuwa nikijiita mtu mwenye msimamo.

Basi nikafanya nilivyojua mimi. Ufa nikauziba kwa puti ya bati. Nikapiga msasa wa maji. Praima ya plastiki sikununua, nikasema bati nimelipaka miaka arobaini bila hiyo, na gari ni gari. Wewe hukubishana. Ulichukua kitambaa ukalikausha lile bampa kila pembe, ukalisugua mpaka mikono ikatetemeka, ukaniambia kwa sauti ya chini, "Basi baba, angalau rangi ya leo tuiache mpaka kesho kutwa isiguswe. Mvua hii haitaki haraka." Nikasema sawa. Nilikuitikia sawa, Saumu, kwa mdomo wangu.

Mkapuliziwa rangi Alhamisi mchana, wewe na bampa, maana ulikuwa karibu mno mpaka nyusi zako zikawa nyeupe. Ilitoka nzuri. Hilo sitalikana, ilitoka nzuri kama maziwa. Wewe ukaenda nyumbani kuswali na kula. Mawingu yalikuwa yamefunga, unyevu ulikuwa kila mahali, na mimi nikawa naliona lile bampa linakauka polepole, na kichwani namwona Hajjat anakuja Ijumaa jioni analigusa na kidole kinanata.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuliona.

Kule kwenye karakana ya shamba, wakati wa masika, malori yalikuwa hayakauki rangi. Mimi ndiye niliyebuni kuweka jiko la mkaa chini ya bati. Unaweka moto mdogo, unalisogeza sogeza, bati linapata joto, rangi inakauka kutoka ndani kuja nje, na jioni lori linatoka. Msimamizi alinisifu mbele ya watu wote. Waliliita jiko la Mhina. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, na sijawahi kusifiwa vile tena mpaka leo.

Kwa hiyo nilipoona uko mbali nilikwenda kwa Masanja nikamwomba jiko lake la kuchomea mahindi. Akaniuliza la nini. Nikasema chai. Nikalijaza mkaa wa moto, nikaliweka chini ya bampa la Hajjat, nikakaa pale nalisogeza sogeza kama zamani. Kwa nusu saa rangi ikawa kavu, ukigusa haikamati. Nilifurahi mwenyewe kama mtoto. Nikalirudisha jiko kabla hujatokea kwenye kona. Uliporudi ukagusa ukashangaa. "Imekauka?" Nikasema, "Mkono wa mzee huo."

Wewe leo unajua kwa nini jambo lile halikufaa, lakini ngoja niliseme mimi, ili ujue kwamba nimelielewa. Bati linapitisha joto. Plastiki haipitishi, inalishika pale pale na inalainika. Ngozi ya juu ya rangi ilikauka kwanza ikafunga, thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ikabaki chini imefungiwa, na ile puti yangu ilikuwa imekunywa maji ya msasa ikanyamaza nayo. Na chini kabisa hapakuwa na kitu cha kuifanya rangi ishikane na plastiki. Nilipika kidonda nikakifunika kitambaa cheupe.

Jumamosi gari likasimama juani Handeni toka saa nne mpaka saa tisa, watu wanakula pilau. Jumatatu Hajjat akaja.

Hakuzima hata injini. Akateremka, akasimama mbele ya gari, akaniita kwa jina langu bila mzee. "Athumani! Njoo uone. Gari langu limeota tetekuwanga."

Nikatoka. Wewe ukatoka nyuma yangu. Kwenye bampa yalikuwa malengelenge, mengine kama punje ya mtama, mengine kama kifungo cha shati, na pale kwenye ufa lilikuwa moja kama yai. Hajjat akasema watoto pale harusini walikuwa wanayabonyeza na kucheka. Bwana harusi amepigwa picha nayo. Wakwe wameona. Akasema, "Nilisema mimi kwa watu, nimelipeleka kwa fundi mkubwa Korogwe. Nimejisemea kwa mdomo wangu."

Nikainama nikapasua lengelenge moja kwa ukucha. Nikanusa.

Ilikuwa thina, mwanangu. Harufu ilitoka kali kama kopo lililofunguliwa sasa hivi. Pale pale, nikiwa nimeinama, kabla sijanyanyua mgongo, nilijua kila kitu. Nisije nikakudanganya kwamba nilikuwa sijui. Watu wengi wangesema mzee alikosea, hakuelewa, plastiki ni mambo mapya. Hapana. Nilielewa kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Na kwa pumzi ya pili nikasimama wima nikasema, "Hajjat, hii ni mafuta. Mikono yenye mafuta imeshika bampa kabla ya rangi."

Akauliza, "Mikono ya nani?"

Nikakugeukia.

Nilisema, unakumbuka, sihitaji kurudia, lakini nitarudia kwa sababu nimejiapia nisiruke kitu. Nilisema, "Msichana huyu anajipaka mafuta ya nazi kichwani asubuhi na jioni, kisha anashika kazi. Nimemkanya. Na mkono wenyewe una nuksi, tangu aanze kunisaidia kazi hazitulii." Nilisema una nuksi. Sikujua neno lile lilikuwa limekaa wapi ndani yangu. Lilitoka kama lilikuwa linangoja.

Hajjat akakutazama toka kichwani mpaka miguuni akasema, "Basi huyo asiguse tena gari langu. Na mimi nitawaambia wenzangu."

Wewe ulitazama viganja vyako. Ningependa ungenijibu. Ungesema, "Baba, ulisema hutatumia praima." Ungesema, "Puti." Ulikuwa na haki zote, na mdomo unao, umeurithi kwangu. Lakini ulitazama viganja vyako, ukaviweka nyuma, ukasema, "Samahani, Hajjat." Ulimwomba radhi kwa jiko langu.

Ulipoingia ndani, Masanja alikuwa amesimama kwenye mlango wake na tairi mkononi. Mtani wangu, ambaye hajawahi kuninyima tusi hata siku ya kumzika mke wangu wa kwanza, siku ile alinyamaza. Akaingia ndani akafunga mlango, saa tano mchana.

Kuanzia hapo nitaandika kwa haraka, maana mkono unachoka na jambo ni baya.

Uliacha kupaka mafuta. Mama yako alipokuuliza ukasema yanakuumiza kichwa. Baadaye ukanyoa, kichwa chako kikawa kidogo kama cha mtoto, ukajifunga kitambaa. Ukaanza kunawa. Ulikuwa unanawa kwa sabuni ya unga kabla ya kugusa chochote gereji, unanawa tena, unasugua kwa mchanga, mpaka ngozi ikapasuka kwenye vifundo na kutoa damu. Nilikuona. Nilikuwa nakaa kwenye lile benchi naona, nanywa chai. Kazi niliyokuachia ni kubandika magazeti kwenye vioo. Wateja wa kutoka Handeni walikuwa wakija wananiambia, "Mzee, huyo binti asije akashika," na mimi naitikia kwa kichwa. Kwa kichwa tu, ili nisiseme kwa mdomo. Nilidhani hiyo ni nafuu.

Halafu likaja bampa la yule dereva wa Mkumbara. Hilo nililifanya peke yangu, hukuligusa hata kwa jicho. Jiko sikuweka. Lakini puti ilikuwa ile ile na maji yale yale, na praima sikuweka, na baada ya mwezi likavimba. Alilileta siku umekwenda sokoni. Nikashukuru Mungu kwa kuwa haupo. Unaona mtu anavyofikia mahali? Nilimwambia Mungu asante kwa kuwa mwanangu haoni.

Nikalificha lile bampa nyuma, chini ya turubai. Nikalikwangua lote kwa kisu cha puti na msasa mkavu, mpaka malengelenge na vyote vilivyozunguka malengelenge vikaisha, kwa sababu nilikumbuka uliwahi kusema ukiacha kipande kilicholegea kitainua chenzake. Nikaichimbua puti yote. Nikaliosha kwa sabuni. Nikalianika kivulini siku mbili, na kila saa nilitaka kulileta jiko, na kila saa nilijikamata. Nikapanda gari nikaenda Tanga mwenyewe kwa yule kaka wa rangi, nikamwambia nipe ile ya plastiki, na ya kuzibia ufa wa plastiki nipe pia. Akauliza, "Binti yako hajambo? Yule anajua." Nikasema hajambo. Nikapaka kama ulivyosema, nyembamba nyembamba. Kila mkono niliungoja. Nikajifunza kungoja nikiwa na miaka sabini na moja, kwa maneno ya mtu niliyemwambia ana nuksi.

Ilipokauka nikabandika selotepu nikaivuta kwa nguvu. Haikutoka na kitu. Nikamwaga maji, nikaliacha juani wiki nzima. Lilikaa kama limezaliwa na rangi ile.

Hapo ndipo ningekuita. Hapo, pale pale, ningesema, "Saumu, njoo." Badala yake nilimwita dereva wa Mkumbara. Akasifu. Nikasema, "Nimegundua dawa ya plastiki." Mwanangu, nilisema nimegundua. Neno likaenea, watu wakaanza kuleta mabampa kutoka Segera na wapi, wanasema mzee Mhina ana utaalamu. Na wewe siku moja ukaniuliza, kwa adabu kabisa, umesimama mbali ili mikono yako isifike, "Baba, umeifanyaje isivimbe?" Nikakujibu, "Siri ya ufundi."

Nilikuwa nimekuibia, na nikakufungia mlango ili usione nilichoiba.

Sijui kama ulijua. Wakati mwingine nadhani ulijua, maana ulianza kuokota mabampa mabovu tuliyoyatupa, ukayapeleka uani, ukawa unafanya mwenyewe jioni. Umevaa glavu. Joto la Korogwe lile, umevaa glavu mpaka jasho linachuruzika kwenye viwiko. Mabampa yako yalitoka mazuri kuliko yangu. Nalisema hili na linaniuma mpaka sasa, lakini ni kweli, kingo zako hazionekani pale rangi ya zamani na mpya zilipokutana. Ukayapiga picha ukawatumia hao watu wa gereji ya Arusha, wakakuita kazini. Mimi niliwaambia watu kwamba nimekufundisha mimi. Sawa. Na hilo nalo limo kwenye hesabu ya madhambi.

Nilikuwa nimeshaamua kufa nalo. Kweli. Nilisema atakwenda, atapata maisha, atasahau. Ni juzi ndipo mambo yalipogeuka. Mlikuwa jikoni na mama yako, mnachambua mchele, mimi nipo barazani mnadhani nimelala. Ukasema, "Mama, nikifika tu nitawaambia ukweli mapema, kwamba mikono yangu inatoa mafuta, wanipe glavu au wanipe kazi nyingine, nisije nikawaharibia."

Mama yako akacheka. "Mikono gani inatoa mafuta wewe? Hebu lete nione."

Hukucheka. Ukasema, "Baba alishaona."

Nimepigwa mara nyingi maishani, mwanangu. Msimamizi aliwahi kunipiga kwa mpira wa tairi mbele ya watu. Hakuna kilichoniingia kama maneno yale mawili, na namna ulivyoyasema bila hasira, kama mtu anayetaja urefu wake. Mama yako hajui kitu, hakuelewa, akaendelea kuchambua. Mimi nililala pale na macho wazi.

Jana nikamwendea Masanja. Nikamwambia nataka kwenda Handeni kwa Hajjat, na siwezi peke yangu. Akaniuliza, "Kwenda kusema nini?" Nikasema, "Unajua." Akasema, "Najua. Jiko ni langu. Chai uliyopika siku ile sijaiona mpaka leo." Nikamuuliza kwa nini mwaka mzima hakusema, wakati mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Akanijibu, "Utani ni wa kuchekesha. Hili lilikuwa halichekeshi." Kisha akachukua kofia yangu, akaivaa, akasema, "Twende, Mzigua. Ukikimbia njiani nitasema mimi, tena nitasema kwa sauti."

Kwa hiyo leo asubuhi nilipokuambia naenda Segera kutafuta msasa, nilikudanganya. Nadhani ni uongo wa mwisho. Nilikwenda Handeni.

Hajjat tulimkuta ghalani, wanawake wanne wamekaa chini wanapepeta mahindi. Akanikaribisha vizuri, akaagiza chai. Nikaanza kuzungumza. Nilizungumza habari ya mvua. Nikazungumza habari ya bei ya rangi. Nikaeleza jinsi nilivyoanza kazi kwenye mkonge, habari ya malori, habari ya jiko la Mhina na sifa nilizopata. Mdomo wangu unajua njia hiyo yenyewe. Masanja akaweka kikombe chini akasema, "Hajjat, huyu Mzigua ana kitu kimemkwama kooni. Mgonge mgongo."

Wale wanawake wakacheka. Hajjat naye akacheka. Nikasema.

Nilisema kwamba bampa lile niliweka jiko la mkaa. Nikasema binti yangu alinikataza mambo yote niliyofanya, moja moja nikayataja: puti, maji, praima, haraka. Nikasema mafuta hayakuwepo, na nuksi haikuwepo, na nilipopasua lile lengelenge nilinusa thina nikajua, kisha nikamsingizia mtoto kwa sababu yeye, Hajjat, alikuwa ameniita Athumani mbele yake. Nikasema kazi wanayoisifu ya plastiki ni yake, mimi nimeiba. Nilikuwa nimepanga kusema nimesimama, lakini nikasema nimekaa kwenye gunia.

Hakuna aliyecheka tena. Ungo mmoja tu ndio ulioendelea, halafu nao ukasimama.

Nilidhani Hajjat atanitukana, nilikuwa nimejiandaa. Akasema, "Mimi nimemtangaza yule binti soko zima. Mama mmoja hapa alitaka kumchumbia mwanawe binti huyo, nikamwambia achana naye, baba yake mwenyewe kasema ana nuksi." Kisha akasema, "Mzee, umenifanya na mimi niwe muongo mwaka mzima, na mimi nimetoka Makka."

Uchumba ule nilikuwa siujui. Nimeusikia leo kama unavyousoma wewe sasa. Nimejaribu kuandika neno nimelifuta mara tatu.

Mmoja wa wale wanawake, simjui jina, mnene, ana kilemba cha kijani, akaniuliza, "Na mtoto umeshamwambia?" Nikasema bado. Akasema, "Sasa umeanza kwetu kwa nini?"

Nikamjibu kwamba neno la nuksi nililisema mbele ya watu, basi nilitaka nilifute mbele ya watu kwanza, ili nikikuambia wewe yasiwe maneno ya baba tu anayemfariji mwanawe. Akasema, "Au unamwogopa." Nikasema, "Ndiyo. Namwogopa."

Ndiyo maana ni barua, mama. Ningeweza kungoja urudi kutoka Kwashemshi nikuweke mbele yangu nikuambie. Nimejaribu hilo kichwani njia nzima ya kurudi, na kila mara najiona naanza na habari ya mvua.

Sikuombi unisamehe kabla ya kupanda basi. Usije ukanifanyia haraka, nimeona haraka inavyofanya. Nakuomba jambo moja tu la Arusha: usiwaambie chochote kuhusu mikono yako. Wakikupa bampa, likwangue na uchukue muda unaoutaka. Likivimba siku moja, na litavimba, maana hakuna fundi ambaye kazi haijamvimbia, lipasue, linuse, na useme ulichonusa, hata kama mwenye gari ameshakuita kwa jina. Mimi nilishindwa. Nilikuwa na miaka sabini na moja na watu walikuwa wawili tu mbele yangu, nikashindwa.

Mama yako nitampa barua hii aisome yeye kwanza, kisha atakupa. Ni haki yake, nywele zako yeye ndiye aliyekuwa akizisuka.

Na ukiona haya yote ni maneno ya mzee anayetaka kuagwa vizuri, usinitegemee mimi, uliza watu. Jiko, muulize Masanja, mwenye jiko ni yeye na alikuona ukikunja mikono nyuma. Puti na praima, muulize yule kaka wa rangi wa Tanga, atakuambia nilinunua lini kwa mara ya kwanza. Niliyoyasema leo, muulize Hajjat Mwanaisha, amesema ukipita au usipopita atakupigia simu mwenyewe, na wale wanawake wanne wa ghalani nao wapo, hasa yule wa kilemba cha kijani, hakunihurumia hata kidogo. Siku ile ya malengelenge yupo shahidi mwingine mmoja, ni wewe. Lakini ushahidi wako wa siku hiyo usiutegemee. Siku hiyo ulikuwa unamwamini baba yako.

Athumani Mhina